Aliyeweka Gitaa Chini Apewe Nini Mkononi?



Inapotangazwa kwamba mwanamuziki mashuhuri ameacha muziki na kurejea kwa Mola wake, furaha hutanda majumbani mwetu kwa siku mbili tatu. Picha yake akiwa amevaa kanzu huzunguka katika simu, takbira hutolewa, na wazazi humfanya mfano kwa watoto wao. Baada ya hapo ni wachache wanaouliza anashinda wapi na anakula nini. Mwaka 2016 Mzee Yusuf, aliyejulikana kama mfalme wa taarabu, alitangaza kuuacha muziki; miaka michache baadaye akarejea jukwaani. Sitaizungumzia nia yake, kwa kuwa nia ni siri baina ya mja na Muumba wake. Swali langu linatuhusu sisi tuliopewa amana ya kuongoza misikiti: mtu wa namna hiyo akibisha hodi, tumemwandalia kazi gani?

Katika kulitafakari hili nimeyarejea maisha ya msanii wa mbali, ambaye wazazi wa rika la wakubwa wetu walimsikia redioni katika ujana wao. Ni Cat Stevens wa London, ambaye leo ni Yusuf Islam.

Alizaliwa mwaka 1948, baba yake akiwa Mgiriki wa Saiprasi na mama yake Mswidi, na akalelewa ghorofani juu ya mkahawa wa familia. Hakuwa ametimiza miaka ishirini alipokuwa nyota. Mwaka 1969 kifua kikuu kilimlaza kwa miezi, na kitandani hapo ndipo alipoanza kujiuliza mwisho wake utakuwaje. Mwaka 1976, akiogelea katika pwani ya Malibu nchini Marekani, mkondo wa maji ulimzidi nguvu. Alimwomba Mungu amwokoe, akaahidi kumtumikia, na wimbi likamsukuma kuelekea ufukweni. Haukupita muda mrefu kaka yake, aliyekuwa amezuru Jerusalem, akamletea tafsiri ya Qur'ani Tukufu. Sura iliyomgusa mno ni Suratu Yusuf, habari ya kijana aliyeuzwa kama bidhaa sokoni. Disemba 1977 alitamka shahada, kisha akalichukua jina hilo la Nabii.

Watu wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii. Mimi naona hapo ndipo inapoanza kuwa na faida kwetu.

Alipouliza kuhusu kazi yake, alipata majibu yaliyokinzana. Imamu wa msikiti mkuu wa London alimwambia angeweza kuendelea maadamu nyimbo zenyewe zina maadili. Wengine wakamwambia aache kabisa. Alichagua njia ya tahadhari. Magitaa yake yakapigwa mnada, na fedha zikatolewa sadaka. (Hukumu ya ala za muziki ina milango yake katika vitabu vya fiqhi, na masheikh wetu wanaijadili kwa elimu. Safu hii haitaimaliza.) Basi huyo hapo, mtu wa miaka thelathini na moja, jina lake linajulikana dunia nzima, na hana la kufanya asubuhi.

Mwaka 1979 alioa, na mwaka uliofuata akapata binti. Mtoto alipokuwa akikua, wazazi walianza kuwazia shule. Mwaka 1983 ikaanzishwa Islamia, shule ya msingi ya Kiislamu katika jiji la London, naye akiwa mstari wa mbele. Wakati huo serikali ya Uingereza ilikuwa ikizigharimia shule za Kanisa la Anglikana, za Wakatoliki na za Wayahudi. Waislamu wakaomba haki hiyohiyo, kwa kuwa nao walikuwa walipa kodi. Ombi likakataliwa. Shauri likafika Mahakama Kuu, serikali ikaagizwa kulitazama upya, ikalitazama na ikakataa tena mwaka 1993, ikitoa hoja kwamba shule za jirani zilikuwa na nafasi tupu. Ruzuku ilikubaliwa mwaka 1998.

Mimi ni katibu wa kamati. Kazi yangu ni mihtasari, mafaili na barua zenye muhuri, na najua mtu hufikia hali gani barua ya tatu inapokosa jibu. Kusimama jukwaani mbele ya maelfu wanaokushangilia ni kazi ya saa mbili. Kulifuata faili moja kwa miaka mingi, huku waziri mmoja akiondoka na mwingine akiingia, hakuna anayekupigia makofi. Uongozi wa Yusuf Islam nauona katika faili hilo kuliko katika nyimbo zake zote, za kabla na za baada. Gitaa lilirudi nyumbani miaka mingi baadaye, mwanawe alipolileta, na mwaka 2006 akatoa albamu iliyowafurahisha wengine na kuwakera wengine. Hayo naachia wenye kupenda mjadala.

Lakini tuwe wakweli. Mirabaha ya nyimbo zake za zamani iliendelea kuingia, naye akaielekeza katika shule na mambo ya kheri. Mpiga kinanda wa bendi ya mtaani kwetu hana mirabaha. Akiacha bendi Alhamisi, Ijumaa jioni watoto wanataka chakula. Kumwambia avute subira, kisha tukafunga mlango wa ofisi, si nasaha.

Tazama alivyofanya Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Alipokuwa akirejea kutoka Hunayn, baada ya kufunguliwa Makka, kikundi cha vijana kiliisikia adhana kikaanza kuiigiza kwa dhihaka. Miongoni mwa sauti zile mojawapo ilikuwa nzuri. Mtume akaagiza waletwe, akauliza sauti ile ni ya nani, na wenzake wakamnyooshea kidole Abu Mahdhura. Bila shaka kijana alitarajia adhabu. Badala yake alifundishwa adhana tamko kwa tamko, akapewa kifuko chenye fedha, akapanguswa kwa mkono wa Mtume na kuombewa baraka. Akaomba awe mwadhini wa Makka, akakubaliwa siku ileile. Sauti iliyotumika kwa mzaha ndiyo iliyoajiriwa, na fedha ilitangulia kabla hajaomba chochote.

Katika msikiti wetu tunaye kijana aliyepiga kinanda kwa miaka tisa katika bendi ya kumbi za harusi. Alikuja kwetu baada ya Ramadhani. Mzee mmoja wa kamati alipendekeza asimamishwe katika Maulidi aeleze aliyoyaacha. Nilipinga, na ningepinga tena. Mwaka 1989 Yusuf Islam, akiwa hajatimiza miaka kumi na miwili katika dini, aliulizwa hadharani juu ya fatwa iliyomhusu mwandishi Salman Rushdie, na majibu yake yakamwandama magazetini kwa miaka mingi. Aliyerejea jana asikabidhiwe kipaza sauti ili awasemee wote. Akabidhiwe nyaya zake.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Vipaza sauti vyetu, vilivyokuwa vikikoroma kila khutba, sasa vinasikika hadi sokoni bila kuumiza masikio. Jioni huwafundisha watoto wa madrasa qaswida kwa dufu, na anajua kumtambua mtoto aliyetoka nje ya sauti kati ya arobaini. Tulimpangia posho ya shilingi 120,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Mhazini wetu, mtu mwadilifu sana, anasema fedha hizo zilichangwa kwa ajili ya vigae vya mnara, na kwamba waliochanga watauliza. Ana haki ya kusema hivyo. Mchango uliotajiwa kazi yake una sharti, na tutalazimika kuwarudia wachangaji kuomba idhini.

Miezi mitatu inakwisha mwezi huu. Msimu wa harusi umekaribia, na mkuu wa bendi yake ya zamani amekwisha kumpigia simu mara mbili. Kijana mwenyewe ndiye aliyenieleza, bila kuulizwa. Kikao cha kamati ni Jumapili baada ya Swala ya Ishaa. Nimeliweka suala lake kuwa ajenda ya kwanza, kabla ya vigae.