Setilaiti zafichua maboma ya kale ya wafugaji

MGENI anayepita Leparua, kaunti ya Isiolo, haoni kuta za mawe wala msikiti uliobomoka kama ule wa Gede. Huona nyasi, miiba na mifugo, na ni rahisi kwake kusema kuwa hapa hapakuwahi kuwa na kitu. Teknolojia ya kisasa inaonyesha kuwa kauli ya namna hiyo ina walakini.

Mfugaji hajengi ili adumu mahali pamoja. Anapohama, miti ya boma lake huliwa na mchwa, lakini samadi iliyorundikana zizini hubaki. Samadi hiyo huutajirisha udongo kwa fosforasi na kalsiamu, na nyasi zinazoota hapo huwa bora kuliko za kandokando. Ikitazamwa kutoka angani, sehemu hiyo huonekana kama duara lisilo na miti.

Mwaka 2018, watafiti wakiongozwa na Fiona Marshall wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa maboma matano ya kale huko Narok. La zamani zaidi lilikuwa na umri wa takriban miaka 3,700, na alama zake bado zinaonekana katika picha za setilaiti. Huko Laikipia, inayopakana na Isiolo, Oliver Boles na Paul Lane nao wamechunguza madoa ya aina hiyo.

Hata hivyo, setilaiti haisomi umri. Boma lililohamwa miaka 40 iliyopita na lililohamwa miaka 3,000 iliyopita yaweza kufanana. Sharti mtaalamu afike, achimbe, apime kaboni ya mifupa na makaa, na awasikilize wazee wanaojua nani aliishi wapi. Mashine huonyesha mahali pa kutafuta, haimwondoi mwenyeji.

Suala hili si la wasomi pekee. Tangu mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, Isiolo imetajwa kuwa kitovu cha barabara, reli na bomba la mafuta. Sheria ya mwaka 2006 inalinda turathi za kale, lakini ni vigumu kulinda kisichoandikwa popote. Ukuta wa mawe humsimamisha dereva wa tingatinga. Duara la nyasi halimsimamishi.

Ndiyo maana mradi wa kuorodhesha maeneo ya kale yaliyo hatarini barani Afrika, ulioanzishwa mwaka 2020 chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge na unaoihusisha Kenya, una uzito wake. Ramani ya maboma ikitangulia ramani ya barabara, mpangaji hataweza tena kuiita nchi ya wafugaji ardhi tupu. Ikichelewa, samadi ya miaka elfu tatu itazolewa kwa asubuhi moja, na hakuna setilaiti itakayoirudisha.