Kumtoa Mtoto Shimoni si Kumaliza Kazi

Kuna neno linalosemwa siku hizi katika Kolwezi, nasi makatekista twalisikia hata mlangoni mwa kanisa: «Kijana akitimiza miaka 18 ni mtu mzima, ajitafutie.» Wenye kulisema wadhani wamesema akili. Sisi twasema ni ukatili uliovikwa nguo ya sheria.

Twanena juu ya vijana gani? Si wale wenye baba na mama na sahani mezani. Twanena juu ya waliotolewa machimboni, na yatima, na waliofukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi. Mwaka 2014, kabla Lualaba haijatengwa na Katanga, UNICEF ilikadiria kwamba watoto kama 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini: wakiokota mawe, wakiyaosha mtoni, wakibeba mifuko. Tangu 2012 Masista wa Mchungaji Mwema wamewafungulia watoto wa namna hiyo mlango wa shule hapa Kolwezi. Huko Lubumbashi Wasalesiani huwapokea watoto wa barabarani. Kazi hiyo twaisifu, na Mungu atailipa.

Lakini hesabu haijaisha. Kijana aliyelelewa kituoni asoma, ajifunza useremala, au kushona, au kuchomelea vyuma. Kisha miaka 18 yatimia. Apewa cheti, apewa baraka, apewa mkono wa kwaheri. Usiku ule alale wapi? Mwenye nyumba ataka garanti ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ufunguo. Fundi mpya hana wateja wala vyombo. Mahali pamoja tu hapaulizi cheti wala garanti, napo ni shimoni. Ndiko anakorudi. Na binti je? Binti asiye na mlango wake wa kufunga hupata upesi mtu wa kumpa mlango, na sote twajua bei yake. Basi, tumewalea miaka yote ile ili warudi palepale tulipowatoa?

Twataka nyumba ya katikati, kati ya kituo na maisha ya peke yake. Yatosha vyumba vichache mtaani, vijana wanne au watano, na mzee au mama mwenye busara akikaa karibu nao. Kila kijana awe na ufunguo wake, apike chakula chake, aandike fedha zake katika daftari. Miezi ya kwanza asilipe kitu. Halafu alipe kidogo. Halafu aongeze, mpaka alipe kodi yote kama jirani zake. Iwe miaka miwili au mitatu, kwa mapatano yaliyoandikwa. Akianguka, awepo wa kumwinua.

Jambo hili si geni. Mwaka 1847 huko Torino, Mtakatifu Yohane Bosko na mama yake Margherita walimpokea yatima wa kwanza kulala nyumbani mwao Valdocco. Wengine wakafuata, mchana walikwenda kazini mjini, usiku walirudi. Miaka michache baadaye Don Bosko akawaandikisha mapatano na mabwana wao wa kazi. Na mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo isemayo kwamba kijana anayetoka kituoni atayarishwe, tena afuatwe hata baada ya kutoka.

Wengine watajibu: «Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, mkiwabeba hivi watalegea.» Kweli, hafunzwi. Lakini nani hajaona kuku akitembea pamoja na vifaranga vyake, mwewe akizunguka juu? Tena, kampuni ya migodi ikimleta injinia kutoka ng'ambo, humtafutia nyumba kwanza, wala hatujasikia mtu akisema atalegea. Hata Union Minière ya zamani, isiyosifiwa kwa huruma, iliwajengea wafanyakazi wake makambi, kwa kuwa ilijua kwamba mtu asiye na pa kulala hadumu kazini.

Wengine wasema: «Ukoo utawapokea.» Palipo na ndugu mwenye moyo, kijana na aende kwake, nasi tutashukuru. Lakini ukoo uliomwita mchawi akiwa na miaka 8, je, utamwita mwana akiwa na 18?

Wengine wasema: «Fedha hakuna.» Katika Lualaba, ndugu zangu! Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaamuru kila kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Tena asilimia 15 ya mrabaha ni haki ya serikali za mahali madini yanapochimbwa. Wanaopanga matumizi ya fedha hizo waandike nyumba hizi katika orodha yao. Nasi Wakristu tusingoje wao peke yao. Kila parokia itafute chumba kimoja. Kila fundi Mkristu achukue kijana mmoja wa kufanya kazi naye.

Msamaria Mwema hakumfunga yule mtu majeraha tu, akaenda zake. Alimpeleka nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Majeraha tumekwisha kuyafunga. Dinari mbili ziko wapi?