Kumkagua Mtunza Hazina Si Kumtukana

Ndugu Mkulima,

Mwezi huu sitakuandikia habari za mbolea wala za kupalilia. Nataka tuzungumze habari za fedha zetu za pamoja: zile za chama chako cha ushirika, za kikundi chako cha akiba, za kamati ya maji au za kamati ya shule. Fedha hizo si za mtu mmoja, wala hazikukusanywa ili zimtajirishe mtu. Ni za wote waliozitoa. Nami nasema hivi: kazi kubwa ya kamati si kuitisha michango, wala si kukaribisha wageni siku ya sherehe. Kazi yake kubwa ni kuweza kusema, siku yo yote ikiulizwa, fedha ziko wapi. Na kazi kubwa ya mwanachama ni kuuliza.

Najua wengi watajibu: "Tukimkagua mtunza hazina wetu ataona tunamshuku. Yeye ni mtu wa kanisa, ni mtu mzima, tena ni shemeji yetu." Maneno haya nimeyasikia toka Malaba na Amukura mpaka Busia mjini, na huko chini Budalangi vile vile. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo. Basi nikueleze yaliyotupata.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mwanachama wa kikundi kimoja upande wa Malaba. Tulikuwa watu 31, na kila mmoja alitoa Sh. 200 kwa mwezi ili tununue mashine ya kusaga. Mtunza hazina wetu alikuwa mama mmoja mzee, mjane, ambaye hakuna aliyepata kumsikia akisema uwongo. Fedha alizitunza nyumbani ndani ya mkebe. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, wenzangu waliniomba nikague daftari.

Nilikwenda Jumamosi alasiri. Nilijumlisha kila ukurasa na kutia alama za vyema kwa wino mwekundu, kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari ya watoto. Hesabu yote ilikuwa sahihi: watu 31, miezi 8, jumla Sh. 49,600. Nikatia sahihi yangu chini. Mama yule akanipa chai na ndizi, tukazungumza habari za mvua, nikaenda zangu. Sikumwambia, "Mama, nionyeshe fedha." Niliona haya.

Kabla ya mwezi kwisha mama yule aliugua ghafula, akafa. Unajua desturi yetu ya matanga: mwenye kudai husimama mbele ya watu akataja deni lake. Mwanachama mmoja akasimama akauliza habari za fedha za mashine. Mkebe ukaletwa, fedha zikahesabiwa mbele ya watu: Sh. 14,100. Zilipungua Sh. 35,500. Nami nilikuwa nimeketi pale pale, na daftari lenye sahihi yangu lilikuwa mkononi mwa katibu. Watoto wa marehemu wakatazamwa kama watoto wa mwizi. Mwanawe mkubwa akaahidi kuuza ng'ombe ili alipe. Mwenyekiti na katibu walikuwapo, hawakusema neno.

Siku chache baadaye, binti wa marehemu alipokuwa akipanga vitu vya mama yake, aliona vipande viwili vya karatasi ndani ya Biblia. Kimoja kilikuwa na sahihi ya mwenyekiti, Sh. 20,000, cha pili kilikuwa na sahihi ya katibu, Sh. 15,000. Wote wawili walikuwa wamekopa "kwa siku chache tu", na mama yule hakuweza kuwakatalia wakubwa wake wa kamati. Sisi wanachama hatukuwa na habari. Mwenyekiti alilipa deni lake lote kabla ya mwaka kwisha. Katibu alilipa nusu, kisha akahamia ng'ambo ya mpaka. Zile Sh. 500 zilizobaki hatujui mpaka leo zilikokwenda. Labda zilikuwa nauli ya hospitali. Lakini ng'ombe alikuwa amekwisha kuuzwa. Tulimrudishia kijana yule fedha zake, na tangu siku hiyo hajapata kukanyaga mkutano wetu.

Sasa nakuuliza, ndugu mkulima: ni nani tuliyemheshimu kwa kutomkagua? Kama ningaliuliza fedha siku ile, mama angalitoa vile vyeti viwili, nao wale wakubwa wawili wangaliitwa mbele ya mkutano. Yeye angalikufa na jina lake safi. Haya yangu haikumlinda yeye, bali iliwalinda wale waliomtumia. Kwa hiyo usiseme tena kwamba ukaguzi ni kumtukana mtu mwaminifu. Mwizi haumsaidii ukaguzi hata kidogo. Mwaminifu ndiye anayeuhitaji, maana ndiye atakayesingiziwa.

Na usidhani kwamba makosa haya ni ya vikundi vidogo vya vijijini tu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 watu wa Kenya walisikia habari za KUSCCO, yaani chama kikuu ambamo vyama vingi vya akiba na mikopo nchini viliweka fedha za wanachama wao. Uchunguzi wa hesabu zake ulionyesha kwamba karibu Sh. bilioni 13.3 zilikuwa zimepotea. Ilielezwa hata kwamba hesabu zake zilikuwa na sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufa. Tazama basi: karatasi zilikuwapo, wino ulikuwapo, mihuri ilikuwapo, lakini fedha hazikuwapo. Mimi sikughushi kitu katika lile daftari letu, lakini sahihi yangu haikuwa na faida kubwa kuliko ile ya marehemu, kwa sababu nilitazama tarakimu tu, sikutazama fedha.

Ninyi mlio katika skimu mna historia ndefu katika mambo haya. Mashamba ya walowezi yalipoanza kugawiwa kwa mpango wa ekari milioni moja mwaka 1962, vyama vya ushirika ndivyo vilivyouza maziwa, mahindi na pareto, na katika malipo hayo mikopo ya wakulima ikakatwa. Mwenye shamba aliweza kufanya kazi mwaka mzima, na mwishowe maisha yake yakategemea kalamu ya karani wa chama. Sheria ya mwaka 1966 ilimpa Kamishna wa Ushirika mamlaka makubwa juu ya vyama hivyo. Kisha sheria ya mwaka 1997 ililegeza mkono wa Serikali, ikawaachia wanachama waviangalie vyama vyao wenyewe. Kusudi lake lilikuwa jema. Lakini kamati nyingi ziliona kwamba Bwana Ushirika ameondoka, na mwanachama bado hajafika. Mali nyingi ikaharibiwa katika muda huo, hata sheria ikabidi irekebishwe mwaka 2004 ili Serikali ipate tena nguvu ya kusimamia. Baadaye Katiba ya mwaka 2010 ikaleta kazi za vyama vya ushirika karibu nasi, katika serikali za kaunti.

Fundisho lake ni hili: sheria haiwezi kukaa katika kiti ambacho mwanachama amekiacha wazi. Sheria ile ya 1997 ilitaka hesabu za chama zikaguliwe angalau mara moja kila mwaka. Tena ilimpa mwanachama silaha: theluthi moja ya waliohudhuria na kupiga kura katika mkutano ulioitishwa kwa utaratibu waliweza kuomba uchunguzi ufanywe juu ya chama chao. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuishika silaha hiyo? Watu hunung'unika njiani, hunung'unika sokoni, na wakifika mkutanoni hunyamaza na kungojea soda.

Sisi wa mpakani tunayo hatari nyingine ambayo wenzetu wa Lugari hawanayo: tunatumia fedha za namna mbili. Tuseme kikundi chenu kinanunua maharage au ndizi upande wa Uganda ili kuuza huku. Mtunza hazina anachukua Sh. 100,000 za Kenya kwenda kuzibadilisha. Tuseme kwamba siku hiyo shilingi moja ya Kenya ni shilingi 28 za Uganda. Basi atapata 2,800,000. Akiandika katika daftari kwamba ilikuwa 27, ataonyesha 2,700,000 tu. Hizo 100,000 za Uganda, ambazo ni kama Sh. 3,571 za kwetu, zimekwenda, na hesabu yote itajumlishwa sawasawa, hata mwalimu mwenye wino mwekundu hataona kosa. Akifanya safari mara moja kila juma, kwa mwaka ni zaidi ya Sh. 185,000. Fedha hizo ni ng'ombe wa maziwa kamili, tena mzuri. Labda mtunza hazina wenu hafanyi hivyo. Lakini akisingiziwa, atajiteteaje bila karatasi ya yule aliyembadilishia fedha?

Na jambo la simu. Siku hizi michango mingi hutumwa kwa simu, na ni vizuri, maana kila malipo huacha alama. Lakini vikundi vingi hutumia namba ya mtunza hazina mwenyewe. Fedha za chama zinachanganyika na karo za watoto wake na bei ya kuku wake, na yeye mwenyewe akiamka asubuhi hawezi kuzitenganisha. Simu ya mtu si benki ya chama.

Basi yafaa kila kamati ishike mambo haya:

1. Kila shilingi inayoingia iandikiwe stakabadhi, na nakala ibaki kitabuni. Kila shilingi inayotoka iwe na karatasi yake. Fedha zikibadilishwa mpakani, bei ya siku hiyo iandikwe na karatasi ya kubadilishia itunzwe.

2. Fedha zisilale nyumbani kwa mtu. Ziende benki, au katika namba ya simu iliyoandikishwa kwa jina la kikundi, na za kutumia kidogo kidogo ziwekewe kiasi kilichokubaliwa.

3. Kutoa fedha kuwe kwa sahihi za watu watatu, nao wasiwe wa boma moja. Anayeandika daftari asiwe ndiye anayeshika fedha.

4. Mwanakamati asikope hata shilingi moja bila mkutano kukubali na neno hilo kuandikwa katika kumbukumbu. Cheti kilichofichwa ndani ya Biblia si kumbukumbu.

5. Mkaguzi ahesabu fedha zenyewe na aone karatasi za benki, kisha ndipo ajumlishe daftari. Mara nyingine aje siku ambayo hakuitangaza.

6. Hesabu isomwe mkutanoni kila mwezi kwa lugha ambayo watu wanaielewa, iwe Kiteso, Kikhayo, Kisamia au Kiswahili, kisha ibandikwe mlangoni mahali pa wote kuiona.

Mtu atasema kikundi chetu ni kidogo, hatuna fedha za kumlipa mkaguzi. Ni kweli. Lakini hamkosi wanachama wawili wasio wa kamati wanaojua kusoma na kuhesabu. Wachagueni hao, muwabadilishe kila mwaka, na mkishindwa kuelewana mwende kwa Afisa wa Ushirika wa kaunti ikiwa ninyi ni chama cha ushirika, au kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii ikiwa ninyi ni kikundi cha kujisaidia. Msingojee mpaka siku ya matanga.

Nawe mtunza hazina, nina neno lako. Usingoje kuulizwa. Mkutano ukifunguliwa, weka daftari mezani, weka na karatasi za benki, useme, "Hesabuni." Mwenyekiti akikuomba fedha kwa faragha, mwambie akaziombe mbele ya watu. Ukifanya hivyo hutakuwa na adui ila yule aliyetaka kuzila.

Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine kwamba hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa hakuna anayefungua mkebe. Kikundi chetu bado kipo, na mashine tulinunua mwishowe. Kila mwezi fedha huhesabiwa juu ya meza na watu wawili, na hakuna aliyekasirika mpaka sasa.

Katika mkutano wenu ujao, ndugu mkulima, simama kwa adabu, uvue kofia yako, useme maneno ambayo mimi niliona haya kuyasema: "Tuonyesheni fedha."

Karani wa Ofisi ya Kilimo, Busia