Tusimlaumu Dereva Peke Yake



Kila msimu wa karafuu ukikaribia hutujia malalamiko yale yale: kwamba wenye gari wamepandisha nauli ya magunia kutoka shamba hadi kituo cha kununulia, na kwamba wamekuwa wanyonyaji. Maneno hayo tumeyasikia mikutanoni na barazani, wala hatusemi kuwa hayana msingi. Lakini haki ni kusikiliza pande zote mbili, na dereva hana ukurasa wa kujitetea kama huu wetu. Basi leo twapenda kumsemea kidogo, kisha tuyaseme yetu.

Sisi wakulima, bei yetu hutangazwa kwa msimu. Mtu aliyekwisha chuma, akachambua makonyo na kuanika juu ya majamvi, anajua kilo ya daraja la kwanza itamletea nini. Dereva hana bahati hiyo. Bei ya petroli na dizeli hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA. Akipatana nawe leo, na bei mpya ikatoka kabla magunia hayajajaa, mapatano yale yamekwisha kuwa hasara. Wala ZURA haiitungi bei hiyo kwa kupenda. Ndani yake mna bei ya soko la dunia, nauli ya meli na bima yake, thamani ya dola, na kodi. Shilingi ikishuka mbele ya dola, lita hupanda hata kama kule yanakotoka mafuta hapana kilichobadilika.

Wazee wetu wanakumbuka vita vya Oktoba 1973 baina ya Waarabu na Israeli. Kabla ya vita pipa la mafuta ghafi lilikuwa kiasi cha dola 3. Kufika Januari 1974 lilikaribia dola 12. Mwaka 1979 yakaja mapinduzi ya Iran, bei ikaruka tena. Na vijana wamejionea wenyewe: Aprili 2020, dunia ilipofungwa kwa maradhi ya Korona, pipa lilishuka chini ya dola 20, Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, likapita dola 120. Katika mambo yote hayo, dereva wa Konde au Mtambile alikuwa na hatia gani?

Wako wanaosema: mafuta yamegunduliwa Uganda, na bomba la kilomita 1,443 limekusudiwa kuyaleta kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, ng'ambo tu ya Pemba, basi shida imekwisha. Twaomba wasifanye haraka. Yatakayopita bombani ni mafuta ghafi ya kuuzwa nje, na gari haiendi kwa mafuta ghafi. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha iacha kabla yake. Petroli na dizeli tunazotia garini huja kwa meli zikiwa zimesafishwa nchi za nje. Mtu anaweza kuishi kando ya kisima na bado akanunua maji.

Sasa tuje kwetu. Tuchukue mfano wa lori linalokula lita 20 kwa safari. Lita ikipanda shilingi 300, safari hiyo imeongezeka shilingi 6,000. Lori likibeba magunia 30, kila gunia litalipa shilingi 200 zaidi. Likibeba 10 tu, kila gunia litalipa shilingi 600. Na sisi ndio tunaolipeleka na 10! Huyu hataki gunia lake lichanganyike na la jirani, yule ataka gari asubuhi ile ile aliyoamka nayo. Nusu ya nauli tunayoililia tunajitoza wenyewe.

Lakini dereva naye hatumwachi salama. Petroli ikipanda, nauli hupanda jioni ile ile. Petroli ikishuka, nauli husahau kushuka. Hilo si haki, na wenye gari wanalijua.

Kwa hiyo twatoa shauri, na twaomba lijadiliwe katika kila tawi kabla ya uchumaji kuanza. Kwanza, wakulima wa mtaa mmoja wakubaliane siku za kupeleka karafuu, kila gunia lipigwe alama ya mwenyewe, na lori liondoke limejaa. Pili, tawi lipatane na wenye gari nauli ya msimu mzima iliyo mafungu mawili: fungu la kazi ya gari na dereva wake, lisilobadilika, na fungu la mafuta, litakalopanda na kushuka kwa kufuata bei ya ZURA ya mwezi huo. Kila mtu ataiona hesabu, wala hapatakuwa na ugomvi njiani.

Wako watakaosema kuwa utumwa wa mafuta hauna dawa. Sisi Wapemba tusiseme hivyo. Hata taa zetu ziliwahi kutegemea mashine za dizeli, na dizeli ikikosekana tulikaa gizani. Mwaka 2010 ulipofika waya wa umeme chini ya bahari kutoka Tanga, taa zikaachana na dizeli. Huenda siku moja na gari zikafuata. Lakini karafuu haingoji; ikichelewa kuchumwa huchanua ikaharibika. Mpaka siku hiyo ifike, mkulima na dereva wamo katika chombo kimoja, na anayetoboa upande wake humzamisha na mwenziwe.