Bustani ya Nyumbani: Mwaridi Gani Ufunike Ua Wako?

Juma hili tunajibu barua ya msomaji wetu mmoja, mke wa askari polisi, anayeishi na watoto wanne katika nyumba za kambini mjini. Anaeleza kwamba nyumba yao imezungukwa na ua wa waya, na upande wa njia ua huo una urefu wa mita 12. Kila apitaye huona sufuria zake, nguo zake kambani, na hata kilichomo sahanini wakati wa chakula. Bibi huyu anataka kuufunika ua wake kwa mawaridi. Lakini mume wake amemwuliza swali moja: "Tupande kwa ajili ya nani, nasi mwakani huenda tukahamishwa?" Anaomba tumshauri achague mwaridi wa aina gani, na kama inafaa kupanda hata kidogo.

Swali la bwana huyu ni la haki. Wasomaji wengi wa gazeti hili hawakai mahali pamoja muda mrefu, na mwaridi si mchicha wa kuvunwa baada ya majuma machache. Tutalijibu, lakini kwanza yatupasa kuujua mmea wenyewe.

Tabia ya mwaridi

Watu wengi hudhani kwamba mwaridi huparamia ua kama ufanyavyo mkarakara, yaani mti wa matunda ya pasheni. Sivyo. Mkarakara una vikonyo vyembamba vya kujisokotea kwenye waya. Mwaridi hauna vikonyo hivyo, wala shina lake halijizungushi. Miiba yake hunasa hapa na pale tu, na matawi yake marefu yasipofungwa huanguka njiani na kurarua nguo za wapitao. Basi atakaye mwaridi wa kufunika ua na ajue tangu mwanzo kwamba atakuwa na kazi ya kufunga matawi miaka yote.

Miwaridi mirefu ina makundi mawili. Kundi la kwanza ni la miwaridi yenye matawi membamba yanayopindika kwa urahisi na mashada makubwa ya maua madogo. Mingi ya kundi hili huchanua mara moja tu kwa mwaka, nayo aghalabu hutaka majira ya baridi kali ndipo ichanue vema. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Mmea waweza kujaza ua kwa majani na kukunyima maua. Kundi la pili ni la miwaridi yenye matawi manene zaidi na maua makubwa, ambayo hurudia kuchanua mara kwa mara. Tabia hiyo ya kurudia ilitoka katika miwaridi ya China, ambayo ilifikishwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na kuchanganywa na ile ya huko. Kwa nchi zetu za karibu na ikweta, chagua katika kundi hili la pili.

Aina nne za kufikiria

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe baya hubadilishwa siku hiyo hiyo, na mwaridi mbaya hukusumbua miaka mingi. Kwa hiyo hapa kuchagua ni sehemu ya kulima.

Aina ya kwanza ni "New Dawn". Maua yake ni ya waridi hafifu yanayokaribia weupe, na yana harufu nzuri. Uliuzwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1930, na mwaka 1931 ukawa mmea wa kwanza duniani kupewa hati ya ubunifu chini ya sheria ya mimea ya nchi hiyo. Sifa iliyofanya upate heshima hiyo ni kwamba mwaridi uliouzaa ulichanua mara moja, nao ukawa unarudia. Hustahimili magonjwa kuliko wenzake wengi na huvumilia kivuli kidogo. Una miiba mikali, na hufika mita 4 hadi 6.

Ya pili ni "Iceberg" wa kuparamia. Mwaridi mfupi wa jina hilo ulitoka Ujerumani mwaka 1958, na ule mrefu ulipatikana mwaka 1968. Maua yake ni meupe, huja kwa mashada, na miiba yake ni michache. Umezoea nchi za joto, na kwa nyumba yenye watoto ni chaguo jema.

Ya tatu ni "Zéphirine Drouhin", mwaridi wa Ufaransa wa mwaka 1868. Watu husema hakuna waridi lisilo na mwiba, lakini huu hauna miiba. Maua yake ni ya waridi iliyokoza na hunukia sana. Kasoro yake ni kwamba hushikwa upesi na madoa meusi na ukungu. Palipo na mvua nyingi na hewa nzito, utafurahia maua lakini utachoka kuokota majani yaliyoanguka.

Ya nne tunaitaja kwa ajili ya wasomaji wetu wanajeshi. Ni "Peace", maana yake Amani, nao una aina ya kuparamia. Ulizalishwa na Mfaransa Francis Meilland kabla ya Vita Kuu ya Pili. Nchini Marekani ulipewa jina hilo tarehe 29 Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha Ulaya. Muda mfupi baadaye wakuu wa ujumbe wa mataifa waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake. Maua yake ni makubwa, ya manjano yenye kingo za waridi. Kwa kufunika ua, hata hivyo, matawi yake ni magumu kupindika; wafaa zaidi nguzo ya lango.

Ukifika kwa muuza miche, usiridhike na picha. Uliza mambo matatu: je, unarudia kuchanua? Unafika urefu gani? Una miiba kiasi gani? Asiyeweza kukujibu hayo anakuuzia bahati nasibu. Ni afadhali zaidi kumwendea jirani ambaye mwaridi wake umekwisha funika ua hapo hapo mtaani, uuone kwa macho, kisha umwombe vipandikizi. Uliostawi kwake una matumaini ya kustawi kwako.

Mahali ulipo

Mwaridi hupenda jua la saa sita kwa siku na usiku wenye ubaridi. Kwa sababu hiyo Kabale, mji ulio karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, una hali njema kuliko Kampala yenye mita 1,200 hivi. Kampala, Entebbe na Jinja mwaridi humea, ila unyevu wa ziwa huleta madoa meusi. Huko chagua aina zenye kustahimili. Penye joto kali na ukame mrefu, maua huwa madogo na hupukutika upesi. Mkazi wa huko na atafakari kama bogenvilia haitamfaa zaidi. Bogenvilia huvumilia ukame, hufunika ua upesi, nayo haishikwi na madoa hayo. Hakuna aibu katika kuchagua kinachostawi.

Namna ya kupanda

Panda mvua zinapoanza. Kwa kusini mwa Uganda ni Machi au Septemba. Kwa kaskazini ni karibu na Aprili. Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 50, umbali wa sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye ua, ili mizizi ipate mvua na wewe upate nafasi ya kupita. Changanya udongo na samadi iliyooza kabisa. Mbichi huunguza mizizi. Acha mita 2 na nusu kati ya shina na shina. Kwa ua wa bibi yetu wa mita 12, miche 5 yatosha.

Kagua nguzo kabla ya kupanda. Mwaridi mpevu uliolowa mvua ni mzito, na upepo ukiusukuma, nguzo iliyoliwa na mchwa haitasimama. Kama ua ni wa nguzo tu, vuta nyaya za kulala, moja juu ya nyingine, kila sentimita 40.

Siri ya kufunika ua ni kulaza matawi. Tawi likiachwa lisimame, maua yote hukaa kileleni na chini hubaki miti mitupu. Likilazwa kando, kila kifundo hutoa kitawi chenye maua. Fanya hivyo tawi lingali changa, kwani likikomaa huvunjika. Lifunge kwa kamba ya katani au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, wala usitumie waya, maana hukata ganda.

Miaka miwili ya kwanza usipogoe, ila uondoe matawi makavu. Miwaridi mirefu iliyotokana na mifupi, kama "Iceberg" na "Peace", ikikatwa sana mapema yaweza kurudia ufupi wake wa asili. Kuanzia mwaka wa tatu, kata kila mwaka matawi machache yaliyozeeka, toka chini kabisa, upishe machanga.

Afya na usalama

Ukungu wa madoa meusi huingia majani yakikaa na maji saa nyingi. Mwagilia asubuhi, tena shinani, si juu ya majani. Okota majani yenye madoa uyachome. Vidukari wakikusanyika kwenye ncha changa, waoshe kwa maji ya sabuni kidogo kabla ya kufikiria dawa za dukani.

Mwiba uliogusa udongo na samadi waweza kuleta pepopunda. Mtoto akichomwa, osha jeraha kwa maji na sabuni, na hakikisha kadi yake ya chanjo imekamilika. Vivyo hivyo kwa mtu mzima. Jeraha lisilopona, au uvimbe unaopanda mkononi, upelekwe zahanati.

Pia, nyumba ya kambini si mali yako. Omba ruhusa kwa msimamizi wa nyumba kabla ya kuchimba. Usipande kamwe kwenye ua wa nje wa kambi wala mahali ambapo mlinzi anahitaji kuona. Na kama ua unawagawa ninyi na jirani, zungumza naye kwanza, kwa maana nusu ya matawi, na nusu ya miiba, itakuwa upande wake.

Tupande kwa ajili ya nani?

Sasa turudi kwa bwana wa barua yetu. Mwaridi uliotunzwa hufunika sehemu yake ya ua kwa miaka mitatu hivi. Huenda kweli asiuone ukikamilika. Lakini mwaridi una neema ambayo nyumba haina: waweza kuuacha na kuondoka nao kwa wakati mmoja. Miezi mitatu kabla ya kuhama, kata vijiti vyenye unene wa kalamu ya risasi na urefu wa sentimita 20, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, vichomeke theluthi mbili ndani ya mkebe uliotobolewa chini na kujazwa mchanga na udongo, uviweke kivulini na kuvinyunyizia maji. Baada ya majuma manne hadi manane vingi vitakuwa na mizizi. Mikebe hiyo itapanda lori pamoja na vitanda na masanduku, na kila kijiti ni mwaridi ule ule, rangi ile ile na harufu ile ile.

Shina la kwanza litabaki kwa familia itakayoingia. Na tukumbuke kwamba familia yetu nayo inaingia katika nyumba ambayo wengine wametoka. Anayekuta mwembe wenye matunda uani pake hajui nani aliyeupanda, lakini watoto wake wanakula. Bibi na apande, na bwana amsaidie kuchimba yale mashimo 5. Mwaka wa kwanza watu wataendelea kuona sufuria. Wa pili wataona majani. Na yeyote atakayekuwa ndani mwaka wa tatu, atakula chakula chake kwa faragha.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kutengeneza mboji kwa takataka za jikoni.