Tuliingia mlangoni wao wakiwa wamekaa nje

Kabla hatujasema habari ya sendika na ya wakubwa, tuanze na kitu tulichofanya sisi wenyewe, kwa sababu kimetukaa rohoni.

Mwaka juzi wakati wa kiangazi tulikuwa vijana saba. Tulishuka Bujumbura kutoka kambini na karatasi ya ruhusa ya wiki mbili. Chakula cha kambini kilikuwa kimepunguzwa, na nyumbani kila mama alikuwa anahesabu maharage. Tulilala Buyenzi kwa mjomba wa mmoja wetu, saba kwenye chumba kimoja, na asubuhi saa kumi na mbili tukawa mlangoni pa shantiye ya jengo la ghorofa. Kapita akatoka.

"Muko wangapi?"

"Tuko saba."

"Muko na nguvu?"

"Tuko nazo."

"Elfu sita kwa siku. Kula ni juu yenu."

Tulikubali kabla hajamaliza kusema. Pale nje, chini ya mti, kulikuwa na watu kama ishirini wamekaa. Tulifikiri nao wanatafuta kazi, tukafurahi kwamba sisi tumechaguliwa. Kumbe wale ndio waliokuwa wayede wa pale. Walikuwa wanalipwa elfu saba, wakaomba elfu nane na glavu za kubebea matofali, kapita akakataa, nao wakakubaliana wasiingie mpaka wasikilizwe. Sisi ndio tulikuwa jibu lake. Siku ya tatu karibu nusu yao walirudi kazini kwa elfu sita ile ile ya kwetu. Wengine hatukuwaona tena.

Hakuna aliyetutukana. Kijana mmoja tu, wakati wa kunywa maji, alituambia kwa Kiswahili cha Kigoma kabisa: "Mimi nimekulia Nduta. Tulikuwa tunatoka kambini kwa kujificha kwenda kulima mashamba ya watu, wanatulipa nusu ya mwenyeji, na mwenyeji anatulaumu sisi. Leo mumenifanya mimi niwe mwenyeji." Akarudi kuchanganya saruji.

Maneno yale yalituzidi. Kwa hiyo mjadala ulipoanza kwenye kikundi chetu, kwamba hizi kazi za kujenga mji zipewe watu wenye mkataba na sendika au ziendelee kuwa za anayewahi mlangoni, sisi hatukuweza kukaa kimya. Wengi mliandika kwamba sendika si mambo yetu, ni ya walimu na wauguzi wa serikali wenye matrikule. Wengine mliandika kwamba sendika ikiingia shantiye, mkimbizi atakuwa wa kwanza kutolewa. Tumeyasoma yote. Sisi tunaona kinyume chake: mkimbizi anahitaji sendika kuliko mtu yeyote pale kwenye shantiye, ila lazima iwe sendika yenye mlango wazi kwake.

Kwanza tuangalie mji wenyewe. Tangu 2019 Gitega ni mji mkuu wa siasa, Bujumbura ikabaki mji wa biashara, na mambo ya kujengwa ni mengi. Soko kuu la katikati ya mji liliungua tarehe 27 Januari 2013, siku ya Jumapili. Mama zetu wa Uvira walikuwa wakija pale kununua bidhaa. Miaka mingi baada ya moto zile nguzo zilibaki zimesimama nyeusi katikati ya mji, na wachuuzi walitawanyika kwa Siyoni, Ruvumera, Kotebu, Kinama, kila mtu alipopata pa kutandika. Kuna habari za bandari ya ziwa. Kuna ule mpango mkubwa unaoitwa Bujumbura 2045, wenye michoro ya majengo marefu na barabara pana. Michoro ni mizuri kweli. Lakini kwenye picha zote tulizoonyeshwa hatujaona mtu amebeba karai.

Na mji huu haukujengwa na wa aina moja tu. Buyenzi yenyewe, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaa, kuna familia ambazo mababu zao walitoka Manyema na sehemu nyingine za Kongo tangu wakati wa Wajerumani na Wabelgiji. Wazee wa Ngagara mpaka leo utasikia wanasema "Okafu", kwa sababu mtaa ule ulijengwa na ile ofisi ya Wabelgiji ya nyumba za Waafrika, OCAF, miaka ya 1950. Mtu akituambia mkimbizi kwenye shantiye ya Bujumbura ni jambo geni, tunamwambia apite Buyenzi aulize.

Sasa sheria. Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu sisi tumesoma sekondari tu, lakini haya tumeyatafuta na tumeyaelewa.

Kima cha chini cha mshahara kwa Burundi kiliwekwa 1988: faranga 160 kwa siku kwa Bujumbura na Gitega, faranga 105 kwa sehemu nyingine. Mmesoma vizuri, mia moja na sitini. Leo haitoshi hata nauli ya basi kutoka Kamenge mpaka mjini. Sheria mpya ya kazi ilitoka Novemba 2020, na miaka ilipita baada yake sendika bado zinadai kima kipya. Maana yake ni kwamba kapita aliyetupa elfu sita hakuvunja kima chochote. Pale mlangoni bei haipangwi na sheria, inapangwa na njaa ya mtu aliyefika mwisho. Na anayefika mwisho, mara nyingi, ni sisi.

Halafu kuna hili la mkimbizi mwenyewe. Burundi iliingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1963, wakati bado ni ufalme. Lakini kwenye kifungu cha 17, kile cha kazi ya mshahara, iliandika kwamba inakikubali kama pendekezo tu. Pendekezo! Kwa hiyo tukisimama kama wakimbizi peke yake, mkononi tuna pendekezo. Tukisimama kama wafanyakazi, tuna kitu kizito zaidi, kwa sababu mwaka 1993 Burundi hiyo hiyo iliridhia mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, na ule unasema wafanyakazi wote, bila ubaguzi wowote, wana haki ya kuunda chama na kuingia chama wanachokitaka. Haukusema raia. Ulisema wafanyakazi. Hii ndiyo sababu tunasema sendika ni mambo yetu.

Tunajua pia kwamba neno sendika lina historia mbaya kwa wazee. Wakati wa chama kimoja Burundi ilikuwa na sendika moja tu, UTB, iliyokuwa chini ya chama tawala, na kwetu Zaire ya Mobutu ilikuwa hivyo hivyo. Wazee wanakumbuka kukatwa mchango bila kuona faida. Siku hizi kuna mashirikisho kama COSYBU na CSB, lakini ukienda shantiye ukauliza yede kama amewahi kuona mtu wa sendika, atakucheka. Lawama hiyo ni yao, nasi tunaisema wazi: mtu wa sendika anayebaki kwenye maofisi yenye viti, asishangae yede akimwona kama waziri mwingine.

Lakini angalieni neno letu wenyewe, kibarua. Limetoka kwa barua, ile karatasi ndogo aliyopewa mfanyakazi wa siku ili siku zake zihesabiwe. Huko Mombasa, kazi ya bandari ilikuwa ya vibarua namna hiyo: unaenda asubuhi, unachaguliwa au huchaguliwi. Baadhi yao hawakuwa wenyeji wa Mombasa, walitoka bara mbali. Januari 1947 watu kama 15,000 wa mji ule waligoma, wa bandari na wa reli na hata wa majumbani, karibu wiki mbili. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akafungiwa mbali. Hata hivyo, vibarua wa bandari waliandikwa majina, na miaka ya 1950 wakapata kazi ya kudumu na chama chao. Tunaleta habari hii kwa sababu moja: kati ya wale watu walikuwemo wageni wa mji, maskini, wa kuchaguliwa mlangoni kama sisi, na jambo moja walilolipata ni majina yao kuandikwa kwenye daftari.

Daftari, jamani. Wiki yetu ya pili pale shantiye mmoja wetu alianguka kutoka kwenye ngazi za miti, akavunjika mkono. Kapita alimpa elfu kumi akamwambia akapumzike. Mwenye mkataba angekuwa ameandikishwa INSS, na ajali ya kazini ina fungu lake pale. Ndugu yetu hakuwa ameandikwa popote. Kwenye daftari la kapita alikuwa "Kongo 4". Waliomlipia plasta ni wayede wenyewe, Warundi na sisi, faranga mia tano mia tano, na yule wa Nduta alitoa elfu moja. Hatukujua jina la kuita kitu kile. Kwetu tungeita likelemba. Lakini watu wanaotoa pesa pamoja kwa sababu wanafanya kazi pamoja, hiyo si tayari ni sendika, imekosa tu muhuri?

Sasa turudi kwa wale wanaosema mkimbizi atatolewa wa kwanza. Hamjakosea kabisa. Yuko fundi mmoja mzee, mwashi, tulimpelekea wazo hili. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Wanangu, kazi ni chache. Kwanza wana wa nchi." Hatukumkasirikia. Vijana wa Burundi wenyewe hawana kazi, na wengi wamerudi juzi tu kutoka kambi za Tanzania, mikono mitupu kama yetu. Chama kikianzishwa na watu wenye hofu, kinaweza kuwa ukuta. Tulimjibu mzee kwamba sisi tutakuwa Bujumbura kwa vyovyote, kwa ruhusa au kwa kujificha. Akituacha nje, kapita anajua pa kutupata, na bei yetu ataitumia kumshusha yeye. Akituingiza, kapita hana mtu wa kumwita. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Hapo umesema kitu," akaomba moto wa sigara.

Kwenu vijana wenzetu, hatuwaambii mkatae kazi. Anayesema hivyo hajalala njaa. Tunawaomba kitu kimoja: kabla ya kusema "tuko nazo," muulize wa jana walilipwa ngapi, na wako wapi. Kama wamekaa chini ya mti, nendeni kwanza chini ya mti.

Na kwenu wa mashirika, tunajua mnatusoma. Mnapotoa pesa ya kujenga shule au kisima, mkataba wenu na mjenzi una mistari mingi, na mingi ni mizuri: watoto wasifanye kazi, wanawake waheshimiwe, kibao chenye nembo kiwekwe. Ongezeni mstari kwamba yede aandikwe kwa jina lake, alipwe sawa awe mkimbizi au Mrundi, na akianguka awe na pa kutibiwa. Na wakati mnauandika, mtufikirie na sisi wa kujitolea kambini, tunaofika saa moja na nusu asubuhi siku tano kwa wiki, tunaojaza fomu zenu na kutafsiri vilio vya watu, halafu kinachotolewa mwisho wa mwezi kinaitwa motisha ili kisiitwe mshahara. Tunaipenda kazi hii. Lakini tumeshafahamu maana ya kutokuwa kwenye daftari.

Ndugu yetu aliyevunjika mkono anafanya kazi tena, ingawa kiganja hakikunji vizuri. Yule wa Nduta tumepata namba yake. Yeye na mzee mwashi wamekubali tuonane Jumamosi, baada ya kazi za jamii, pale Buyenzi kwa mjomba. Tutakuwa na daftari moja na kalamu mbili. Wa kambini mnaoweza kupata ruhusa, ombeni mapema, karatasi zinachelewa.