Nyumba ya Ng'ambo kwa Jina la Mwingine

Mke mmoja wa askari, mkazi wa Buyenzi hapa Bujumbura, ametuletea swali ambalo tumeona litawafaa wengi. Mumewe alitumikia Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, akaweka akiba, akanunua kiwanja Kigoma na kukijenga. Kwa kuwa yeye ni Mrundi, hati iliandikwa kwa jina la rafiki yake, raia wa Tanzania. Mama huyu auliza: “Mume wangu akifariki, mimi na watoto tutaingia nyumba ile kwa mlango gani?”

Mama, kwa jinsi mambo yalivyoandikwa, mlango huo haupo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya raia, na kwamba asiye raia hagawiwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji unaotambuliwa na sheria. Basi mbele ya hakimu mwenye nyumba ni yule rafiki. Akitangulia kufa yeye, nyumba itahesabiwa katika mirathi yake, na wanawe, ambao pengine hawajapata hata kulisikia jina la mumeo, wataidai kama mali ya baba yao. Mapatano ya chini kwa chini, yaliyofanywa ili kuikwepa sheria, ni silaha dhaifu mno mahakamani.

Wako wanaodhani kwamba tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 jambo hili limekwisha. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, imeacha mambo ya ardhi yafuate sera na sheria za kila nchi. Uganda na Kenya humruhusu mgeni kupanga ardhi kwa muda usiozidi miaka 99.

Kuna nchi ya mbali iliyopata njia nyingine, nayo yafaa kutazamwa. Katiba ya Mexico ya mwaka 1917 humkataza mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilometa 100 kutoka mpakani na kilometa 50 kutoka pwani. Badala yake, benki huishika hati kwa amana, na mgeni huwa mnufaika: hukaa, hupangisha, huuza. Tangu sheria ya mwaka 1993 amana hiyo hudumu miaka 50, nayo huweza kufanywa upya. Lakini linalotuhusu sisi ni hili: katika hati ileile mgeni huandika jina la mnufaika wa pili. Akifa, huyo wa pili huenda benki na cheti cha kifo, na haki humhamia pasipo kesi ndefu ya mirathi. Aliyesahau kuandika jina, au aliyemwandika mtu ambaye naye amekwisha kufa, huwaachia jamaa zake safari za mahakama katika nchi na lugha wasizozijua.

Tusikimbilie kuiga, hata hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 65, imeufunga mlango huo: mali iliyo chini ya amana huhesabiwa kuwa ya raia iwapo tu wanufaika wote ni raia. Kumweka Mkenya mbele na mgeni nyuma hakusaidii kitu.

Na aliyepanga Nairobi kwa halali, akiwa na hati ya miaka kadhaa kwa jina lake? Huyo ana jambo la kurithisha. Sheria ya Mirathi ya Kenya, inayotumika tangu 1981, hutawala mali isiyohamishika iliyoko huko, hata kama marehemu aliishi Bujumbura. Mila zetu hazivuki mpaka pamoja na jeneza. Wasia wa maandishi huhitaji mashahidi wawili au zaidi, na mrithi asiwe mmoja wa wawili hao, asije akapoteza fungu lake. Wasia wa mdomo hufaa iwapo mwenyewe amekufa ndani ya miezi mitatu, ingawa askari aliye katika utumishi wa vita huondolewa kikomo hicho akifa katika utumishi uleule. Mwislamu atambue kwamba huko mirathi yake hufuata sheria ya Kiislamu, ambayo haimruhusu kuusia zaidi ya theluthi moja.

Turudi Kigoma. Mumeo angali hai, na rafiki angali mwaminifu. Hiyo ndiyo nafasi yenu. Waende wote wawili kwa wakili wa huko, wamweleze ukweli wote, na wamwulize kama fedha zilizotumika zaweza kuandikwa kuwa deni ambalo rafiki, au warithi wake, watalilipa. Deni hurithiwa hata na asiye raia. Mke wa rafiki naye awepo, asikie.

Nawe, mama, utunze cheti cha ndoa iliyoandikishwa serikalini na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa bila hivyo hata deni utaliombea mlangoni. Nakala za hati zote ziwe mbili, moja kwa wakili na moja nyumbani. Sanduku la askari halifai kuhifadhi hati ya pekee, maana hufuata kikosi.